UZI: Usimlishe aligeta wa bwawa la nyuma ya nyumba (walio Florida, Texas, Louisiana, Georgia na Carolina ya Kusini)

#1 Kingo_Salama

Wadau, salaam. Uzi huu nauelekeza kwa ndugu zetu walio majimbo ya kusini ya Marekani, hasa waliohamia karibuni Houston, Jacksonville, Orlando na Tampa. Kule karibu kila mtaa mpya wa nyumba una bwawa lake. Mabwawa hayo huchimbwa ili kupokea maji ya mvua yasifurike barabarani, na aligeta, mnyama wa ukoo wa mamba, huyafikia kwa miguu yake mwenyewe akitokea mto, mfereji au kinamasi cha jirani. Florida pekee inakadiriwa kuwa na aligeta milioni 1.3, na wamo katika kaunti zote 67. Ukiona maji yasiyo ya chumvi yametuama huko, chukulia yumo hata kama hujamwona.

Kuwepo kwake hakupaswi kumtisha mtu. Aligeta ambaye hajazoeshwa anamwogopa binadamu. Ukikaribia kingo anateleza majini na kuzama. Shida inaanza pale mtu anapomrushia mkate au mfupa wa kuku ili apige picha.

Fuatilieni inavyokwenda. Kwanza anaacha kuzama anapomwona mtu, anabaki juu ya maji akitazama. Kisha anakifuata kipande kilichorushwa. Baadaye hangoji kipande tena: akisikia nyayo kwenye majani au kitu kikianguka majini, anakuja. Hatimaye anapanda ukingoni. Na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu, maana yeye hajamzoea mlishaji peke yake. Amejifunza kwamba umbo la mtu kando ya maji maana yake ni chakula. Wewe unarusha kutoka kwenye kibaraza kilichoinuka, uko salama. Mtoto wa nyumba ya tatu anachuchumaa kuokota mpira ukingoni. Aligeta hana namna ya kuwatofautisha.

Mnyama akifika hatua hiyo, mtegaji anaitwa, na aligeta mkubwa akishakamatwa kwa kawaida anauawa. Hahamishwi. Akipelekwa mbali hujaribu kurudi alikotoka, akikatiza barabara na viwanja vya watu njiani, na sehemu nyingi zinazomfaa tayari zina aligeta wengine. Kwa hiyo anayemlisha kwa mapenzi anamtafutia kifo, na kabla ya hapo anawaweka majirani hatarini.

#2 Binti Mrima

Asante mkuu. Ila hapa mtaani kwetu ukiuliza, kila mtu anasema hajawahi kumlisha. Sasa huyu anayekuja mpaka ukingoni amefundishwa na nani?

#3 Kingo_Salama

Dada, wengi wanalisha bila kujua kwamba wanalisha. Angalia haya hapo mtaani:

Mkate wa bata. Ukirusha mkate unakusanya bata, kasa na samaki mahali pamoja, kila siku, saa ileile. Aligeta anawafuata hao, na muda si mrefu anakula na mkate wenyewe. Marufuku ya kulisha aligeta haina maana pale watu wanapoendelea kulisha bata kwenye bwawa hilohilo.

Bakuli la chakula cha paka au mbwa lililoachwa nje usiku. Linaleta panya na rakuni (mnyama mdogo wa huko anayepekua taka usiku), na hao wanamleta aligeta karibu na mlango.

Chombo cha mbegu za ndege kilichotundikwa juu ya ukingo. Mbegu zinadondoka, wanyama wadogo wanakusanyika chini, hadithi ni ileile.

Jiko la mkaa na meza ya kulia karibu na maji, mifupa ikatupwa bwawani baada ya sherehe. Hii ni kumlisha moja kwa moja, hata kama aliyetupa alikusudia tu kusafisha meza.

Na mabaki ya samaki. Hapo nawaachia wavuvi.

#4 Mshipi na Chambo

Niko hapa. Matumbo na vichwa vya samaki ndiyo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu yana harufu kali na hutupwa palepale kila wikiendi. Idara inayosimamia wanyamapori Florida, ile inayoitwa FWC, inasema wazi kwamba mabaki yatiwe kwenye pipa la taka, yasirudishwe majini, kwani hata kama hukukusudia kumlisha aligeta matokeo ni yaleyale.

Namna ya kufanya:

Usiparie samaki ukingoni. Watie kwenye kasha la barafu, ukawaparie nyumbani. Kama lazima uparie hapohapo, tumia meza iliyotengwa na pipa lenye kifuniko.

Usiache mtungo wa samaki ukining'inia majini. Wengi tumezoea kutia kamba kwenye matamvua na kuwaacha waogelee ili wabaki wabichi. Kule mtungo unageuka chambo cha aligeta, na kamba umeifunga kwenye gati ulilosimamia au kwenye mkanda wako mwenyewe.

Aligeta akielekea kwenye boya la mshipi wako, vuta mshipi mara moja, acha kurusha, hama. Usingoje uone atafanya nini. Kila samaki anayemnyang'anya mvuvi kwenye ndoana ni somo: sauti ya kitu kutua majini plus mtu ukingoni ni sawa na mlo. Akishakamata samaki wako, kata mshipi. Usivutane naye.

Na usioshee mikono yenye damu ya samaki kwenye maji hayo. Beba galoni ya maji safi kwenye gari.

#5 Baba Neema

Na sisi tunaochinja? Krismasi, Idi, harusi, watu wananunua mbuzi au kuku wazima shambani, wanachinja, halafu utumbo unatafutiwa pa kwenda. Nimesikia watu wakisema tupa kwenye mfereji, samaki watakula.

#6 Kingo_Salama

Baba Neema, usitupe. Utumbo wa mbuzi mmoja ukitupwa kwenye mfereji wa Houston ni mlo mkubwa sana kwa aligeta wa wastani, na atabaki hapohapo akingoja mwingine.

Njia rahisi ni kuchinjia kwenye machinjio au shamba lenye kibali, wabaki na utumbo wao. Kama unao nyumbani, funga katika mifuko miwili ya plastiki mizito, tia kwenye friza ugande, na uutoe asubuhi ya siku gari la taka linapopita, si usiku wa kuamkia. Ukiuacha kwenye pipa kwa siku tatu za joto la Agosti, rakuni wanalipindua na uko palepale ulipotoka. Kabla ya yote ulizia sheria ya jiji lako, maana sehemu nyingine hawaruhusu kabisa kuchinja nyumbani.

#7 Wakili wa Mtaa

Niongeze upande wa sheria, kwani watu wanadhani ni ushauri tu.

Florida: kumlisha au kumvutia aligeta kwa chakula ni kosa. Mara ya kwanza ni faini ya dola 100. Ukirudia linakuwa kosa la jinai, na adhabu inapanda kila unaporudia. Texas: kumlisha aligeta wa porini kwa makusudi ni kosa dogo la jinai, faini hadi dola 500. Carolina ya Kusini nako ni marufuku.

Kwa mtu ambaye bado anasubiri kadi ya kijani au uraia, rekodi ya jinai, hata ndogo, ni jambo la kumweleza wakili wake wa uhamiaji. Usichezee rekodi yako kwa ajili ya video ya sekunde thelathini.

Jambo la pili: kumuua, kumkamata au kumbughudhi aligeta bila kibali pia ni kosa, na Florida ni kosa zito zaidi kuliko kulisha. Kwa hiyo msichukue marungu mkajifanya mnalinda mtaa.

#8 Sauda wa Pwani

Mimi nina swali la huruma. Yule wa bwawani kwetu tangu Desemba hasogei, amejilaza tu juani, anaonekana amedhoofu. Si dhambi kumwacha na njaa?

#9 Mganga wa Wanyama

Dada Sauda, huruma yako ni njema, lakini huyo hana njaa. Mwili wa aligeta hautengenezi joto lake wenyewe, kwa hiyo hauchomi chakula kama wetu. Anakula kwa bidii zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 28 na 33 za Selsiasi. Ikishuka chini ya 21 hivi anaacha kula. Chini ya 13 anazubaa, anajificha kwenye shimo lake au anatoka kuota jua siku ikichangamka. Unachokiona Desemba ni hicho: anaota jua. Anaweza kukaa miezi bila mlo na asidhurike.

Ukimpa nyama wakati wa baridi, tumbo lake halina joto la kuisaga. Na mkate, chipsi au soseji zilizotiwa chumvi si chakula chake msimu wowote. Anakula samaki, kasa, nyoka, ndege na wanyama wadogo, na anawapata bila wewe.

Ni kuanzia Aprili ndipo anaanza kuzungukazunguka sana, kwa kuwa ni majira ya kutafutana. Wanapandana Mei na Juni, jike anataga mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa wastani mayai 32 hadi 46, kwenye lundo la majani na tope alilolijenga mwenyewe kando ya maji. Yanaanguliwa kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba.

#10 Mwana Uvira

Tuliokulia kando ya Ruzizi na Tanganyika tunamjua mamba. Huyu wa Marekani mbona anaonekana mpole? Watu wetu wanamdharau.

#11 Mganga wa Wanyama

Kaka, ni kweli mamba wa mito yetu anamwinda mtu zaidi kuliko aligeta, na si haba. Florida, toka 1948 hadi 2022, yaliandikwa matukio 453 ya watu kuumwa bila kumchokoza mnyama, na 26 walikufa. Kwa jimbo lenye watu zaidi ya milioni ishirini na aligeta zaidi ya milioni moja, hiyo ni idadi ndogo sana.

Lakini idadi ni ndogo kwa sababu aligeta wengi bado wana hofu. Ukimwondolea hofu unabaki na mnyama mwenye meno karibu 80 na taya ambazo zimepimwa zikibana kwa nguvu ya zaidi ya niutoni 9,000. Upole unaouona ni subira tu ya mwindaji anayevizia. Anaweza kukaa tuli saa nzima halafu akaruka mita kadhaa kufumba na kufumbua.

Kusini kabisa mwa Florida kuna mamba pia, wa jamii ya Amerika. Aligeta ana pua pana ya mviringo na rangi ya kiza. Mamba ana pua nyembamba na jino la nne la chini linaonekana hata akifunga mdomo. Kuhusu kulisha, msiwatofautishe, marufuku inawahusu wote.

#12 Binti Mrima

Basi nitajuaje kwamba wa kwetu ameshazoeshwa? Na ukubwa wake nitaupimaje bila kumkaribia?

#13 Kingo_Salama

Dalili za aliyezoeshwa:

Unakaribia maji, naye anaogelea kukujia badala ya kwenda mbali.
Unapita ukingoni, naye yuko nchi kavu na hasogei wala hashtuki.
Anatokea kila ukitupa kitu majini, hata jiwe.
Anafuata mitumbwi na boti ndogo.
Anakaa chini ya kibaraza au gati fulani saa fulani. Hapo kuna mtu anamlisha, tafuteni nani.

Lakini akifungua mdomo na kutoa sauti ya pumzi kali, hiyo si dalili ya kuzoeshwa. Anakuambia umemkaribia mno, au kuna kiota. Rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo mpaka uwe mbali. Kwa kawaida kaa angalau mita 18 kutoka kwake.

Kuhusu ukubwa, watu wa kazi hiyo wanatumia kipimo hiki: kadiria inchi kutoka jicho hadi tundu za pua. Kila inchi moja ni futi moja ya urefu wote. Kichwa kikielea, ukaona kati ya jicho na pua pana inchi 8, huyo ana futi 8, karibu mita 2.4. Tumia darubini au kuza picha ya simu ukiwa mbali, ukilinganisha na kitu unachokijua kilicho karibu naye, kama nguzo ya gati. Ukadiriaji huu unakusaidia unapopiga simu, kwa sababu Florida mtegaji hutumwa kwa aligeta wa futi 4 kwenda juu, yaani mita 1.2, ambaye anaonekana kuwa tishio kwa watu, mifugo ya nyumbani au mali.

#14 Mshipi na Chambo

Simu yenyewe Florida ni 866-392-4286, ni bure. Mpango huo wa serikali wa kuwaondoa aligeta wasumbufu ulianza mwaka 1978. Andaa haya kabla ya kupiga: anwani kamili, yuko upande gani wa bwawa, urefu kwa futi, na amefanya nini hasa. "Nimemwona aligeta" haitoshi. Sema "amepanda nchi kavu mara mbili leo, yuko karibu na uwanja wa watoto", au "anamfuata kila anayekaribia maji".

Kingine kinachokwamisha watu ni ruhusa. Mtegaji haingii kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Bwawa la mtaa kwa kawaida ni mali ya chama cha wenye nyumba, si lako, kwa hiyo ukipiga peke yako unaweza kuambiwa uwatafute viongozi kwanza. Pateni jina la anayeruhusu na namba ya geti mapema. Texas piga kwa askari wanyamapori wa kaunti yako.

Na kama unajua nani anamlisha, mtaje. Bila hivyo aligeta ataondolewa, mwingine ataingia mvua ijayo, naye atafundishwa na mkono uleule.

#15 Baba Neema

Mbwa je? Na uzio wa urefu gani?

#16 Kingo_Salama

Mbwa ana ukubwa wa windo la kawaida la aligeta, na kupiga-piga maji kwake ndiyo sauti hasa anayoitafuta. Hilton Head, Carolina ya Kusini, mwaka 2018 mwanamke aliuawa akiwa na mbwa wake kando ya bwawa. Fort Pierce, Florida, Februari 2023, bibi wa miaka 85 aliuawa vivyo hivyo. Kwa hiyo: kamba fupi isiyorefuka yenyewe, tembea njia iliyo mbali na ukingo, na usipite huko jioni, usiku wala alfajiri, kwani ndizo saa zake za kuwinda. Usimwache mbwa anywe maji ya bwawa. Usijizungushie kamba yake mkononi.

Uzio: wapo aligeta walioonekana wakiparamia senyenge ya mita 1.5 ili kumfikia mbwa. Kinachofanya kazi ni uzio wa angalau mita 1.5 wenye matundu yasiyozidi sentimita 10, na sehemu ya juu iliyoinamishwa kuelekea nje, upande wa maji. Kwenye mfereji, ukuta wa zege au mbao unaosimama mita 1 juu ya kiwango cha juu cha maji nao unamzuia. Watu hupima kutoka maji ya kiangazi, mvua zikija ukuta unabaki nusu mita, hauna kazi tena. Kagua pia chini ya geti na chini ya uzio baada ya kila mvua kubwa. Udongo unachimbika, anapita.

#17 Sauda wa Pwani

Nilisikia akikufukuza ukimbie kwa kupindapinda. Ni kweli?

#18 Mganga wa Wanyama

Si kweli, na ni ushauri mbaya. Kimbia moja kwa moja mbali na maji. Nchi kavu anachoka haraka, mbio zake ni za hatua chache tu.

Akishakamata, mtu apigane kwa nguvu zake zote: vidole machoni, ngumi puani. Mara nyingine analegeza taya ili abane upya, na hapo ndipo pa kuchomoka. Jeraha hata dogo lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Mdomo wake una bakteria wengi wanaoozesha nyama haraka. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni aligeta, ili achague dawa ifaayo na asilishone jeraha kabla ya kulisafisha ipasavyo.

#19 Mwana Uvira

Louisiana mbona boti za watalii zinawarushia mashimelo (peremende laini nyeupe) mbele ya kila mtu?

#20 Mshipi na Chambo

Ni kweli baadhi ya boti hufanya hivyo, na ndiyo video zinazowadanganya watu. Mimi siungi mkono hata kule kinamasini, kwani aligeta anayejifunza kuifuata boti ya watalii ataufuata na mtumbwi wa mvuvi. Nyuma ya nyumba ni vibaya zaidi: hakuna boti ya kukuinua, na mtoto anafika ukingoni kwa miguu.

Agosti na Septemba kuna jambo jingine. Vifaranga wanaelea karibu na ukingo, wanazidi kidogo urefu wa kiganja cha mkono, wana michirizi ya manjano, wanatoa sauti nyembamba. Watoto wanawarushia biskuti au wanataka kuwashika. Kifaranga akiita, mama anakuja kasi, na hukaa nao hadi mwaka au zaidi. Wafundisheni watoto sauti hiyo: wakiisikia, waondoke majini na wamwite mtu mzima.

#21 Binti Mrima

Nimekubaliana na jirani yangu tubandike tangazo getini. Liandikweje?

#22 Kingo_Salama

Fupi, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kihispania, lugha zote kwenye karatasi moja, na mtangulize idhini ya chama. Kiswahili kiwe hivi (namba ni ya Florida):

"BWAWA HILI LINA ALIGETA. Usimlishe aligeta, bata wala kasa. Usitupe mabaki ya samaki au nyama majini. Yatie kwenye pipa lenye kifuniko. Usiogelee. Watoto na mbwa wakae mbali na ukingo, hasa jioni hadi asubuhi. Aligeta akikufuata au akipanda nchi kavu karibu na watu, piga 866-392-4286."

Mlibandike kwenye kila njia inayoshuka bwawani, si getini pekee, na pipa lenye kifuniko liwekwe hatua chache kutoka kila tangazo. Pasipo pipa, karatasi haitasaidia.